Wamejuaje? Mazungumzo juu ya Magazeti ya Mambo ya Kale

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Songea

Leo yafaa kila mtu awe na daftari na kalamu karibu, maana mwisho wa mazungumzo haya nitatoa maneno ya kuandika na maswali ya kujibu.

Watu wengi waliokwisha kumaliza kitabu cha kwanza huuliza swali moja. Husema, "Mwalimu, sasa najua kusoma. Naweza kusoma barua ya mwanangu, naweza kusoma mfuko wa mbolea na kibao cha zahanati. Je, nisome nini zaidi?" Swali hili ni jema. Mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma ni kama mtu aliyenunua jembe asiwe na shamba. Jembe litashika kutu.

Yako mengi ya kusoma. Lakini leo nataka kuzungumza juu ya aina moja tu ya magazeti, nayo ni magazeti ya mambo ya kale. Nitawaeleza ni magazeti ya namna gani, kwa nini watu huyapenda, na jinsi ya kuyasoma bila kudanganyika. Kisha tutarudi hapa petu Songea, tuone yanatuhusu nini sisi.

MAGAZETI HAYA NI YA NAMNA GANI

Kuna elimu iitwayo akiolojia. Andikeni neno hilo: a-ki-o-lo-ji-a. Maana yake ni elimu ya kuchunguza maisha ya watu wa kale kwa kutazama vitu walivyoviacha: vyungu, majembe, mashoka ya mawe, makaa ya moto, misingi ya nyumba, mifupa na makaburi. Mwenye elimu hiyo huchimba, lakini hachimbi kama sisi tuchimbavyo shimo la choo. Hukwangua udongo polepole kwa mwiko mdogo na kuufagia kwa brashi. Kila akionacho hukipima, hukichora, na kukiandika kilikuwa wapi na chini kiasi gani.

Anapomaliza, huandika taarifa. Taarifa hizo ni ngumu, zimejaa hesabu na maneno mazito, maana wenye elimu huwaandikia wenye elimu wenzao. Hapo ndipo yanapokuja magazeti tunayoyazungumzia. Kazi yake ni kuchukua habari hizo ngumu na kuzieleza kwa maneno mepesi, pamoja na picha nyingi, ili mtu ye yote aweze kufahamu, awe mkulima, fundi cherehani au dereva.

Huko Marekani gazeti liitwalo Archaeology lilianza mwaka 1948. Gazeti jingine la huko, National Geographic, ni kongwe zaidi; lilianza mwaka 1888. Hilo huandika habari za nchi, watu na wanyama, na mambo ya kale yamo pia tangu zamani. Kwa majirani zetu wa Kenya, chama kiitwacho Kenya Museum Society kimetoa gazeti lake, Kenya Past and Present, lenye habari za kale za Afrika ya Mashariki.

Mtasema, "Magazeti hayo ni ya Kiingereza, nasi twasoma Kiswahili." Ni kweli, na ni upungufu. Hata hivyo tusikate tamaa. Katika nyumba nyingi yumo kijana wa sekondari. Yeye na asome, wewe uulize. Na Kiswahili chenyewe si kigeni katika kazi hii. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na wasomaji wake walilipelekea barua, mashairi na habari za makwao. Msomaji aliyekaa mbali aliweza kuona maneno yake mwenyewe yamepigwa chapa. Jambo hili nitalirudia baadaye.

KWA NINI WATU HUYAPENDA

Sababu ya kwanza ni kisa cha utafutaji. Sisi sote twapenda hadithi ya mwindaji. Tunapoisikia hatutaki kuambiwa tu kwamba mnyama amepatikana. Twataka kujua mwindaji alipita wapi, alikosea wapi, na alikaribiaje kukata tamaa. Magazeti haya hutupa kisa cha namna hiyo, nacho ni cha kweli.

Chukueni mfano wa Bonde la Olduvai, ambalo Wamasai huliita Oldupai, huko kaskazini mwa nchi yetu, karibu na Ngorongoro. Louis Leakey alikwenda huko kuchunguza mwaka 1931. Mkewe, Mary, alifika mara ya kwanza mwaka 1935. Miaka ikapita. Walipata mawe mengi yaliyochongwa na watu wa kale, lakini fuvu zuri la kuwaonyesha watu hao walikuwa na sura gani hawakulipata.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis alikuwa amelala kambini, ana homa. Mary akatoka na mbwa wake wawili. Katika mteremko mmoja aliona kipande cha mfupa kimechomoza. Alipofuta udongo, akaona meno mawili makubwa, yangali katika taya. Alirudi upesi kambini kwa gari kumwambia mumewe, na mgonjwa akaondoka kitandani. Fuvu lile lilikuwa limevunjika vipande vidogo vidogo kiasi cha 400, na ilikuwa kazi ya Mary kuviunganisha mpaka sura ikaonekana. Walilipa jina la Zinjanthropus, ndiyo kusema mtu wa Zinji. Zinji ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliiitia pwani yetu.

Septemba 1960 Louis Leakey alisimulia kisa hicho katika National Geographic. Basi watu wa nchi za mbali, ambao hawakuwa na habari ya Tanganyika, walisoma juu ya bonde letu wakiwa wameketi majumbani mwao. Fuvu lenyewe lililetwa Dar es Salaam mwaka 1965, nalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa.

Sababu ya pili ni kwamba magazeti haya huonyesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuwa na habari kubwa. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni unyayo. Kusini ya Olduvai kuna mahali paitwapo Laetoli. Mwaka 1976 wataalamu fulani walikuwa huko, na siku moja jioni walikuwa wakichezacheza, wakirushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka. Alipokuwa chini akatazama mwamba, akaona alama za nyayo za wanyama. Walipoendelea kuchunguza, mwaka 1978 zilionekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Walipita juu ya majivu ya mlima wa moto yaliyolowa, majivu yakakauka na kugeuka mwamba. Zimepita tangu hapo miaka ipatayo milioni 3 na laki 6. Mary Leakey alieleza habari hizo katika National Geographic ya Aprili 1979, pamoja na picha. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja anaweza kuifahamu picha ile. Kisigino ni kisigino, kidole gumba ni kidole gumba. Kila mmoja wetu amepita njia yenye tope baada ya mvua, kisha akageuka nyuma akaona nyayo zake.

Mfano wa pili ni kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika. Mama analima, jembe linagonga kigae chenye nakshi. Anakiokota, anakitupa kando, anaendelea na kazi. Mwenye elimu ya mambo ya kale angekaa kitako. Angeuliza: mdomo wa chungu hiki ulikuwa na upana gani? Nakshi hii yafanana na ya watu gani? Je, kuna masizi? Kama masizi yako nje, hapana shaka chungu kilikaa motoni. Kama hayapo, labda kilikuwa mtungi wa maji au chungu cha pombe. Na kama kando yake kuna kipande cha mkaa, mkaa huo unaweza kupimwa ili kujua mti wake ulikufa miaka mingapi iliyopita. Njia hiyo ya kupima mkaa ilitangazwa mwaka 1949 na Willard Libby na wenzake huko Marekani.

Sasa sikilizeni neno kubwa la somo hili. Kigae hicho kina habari kwa sababu kimekutwa mahali pake. Ninyi mnajua herufi. Chukueni neno mama. Limeandikwa, lasomeka, kila mtu anajua maana yake. Lakini ukichukua mkasi ukazikata herufi zake moja moja, ukazitupa katika kikapu pamoja na herufi nyingine mia, ni nani atakayejua kwamba palikuwa na neno mama? Herufi zote zimo, hakuna hata moja iliyopotea, lakini neno limepotea. Basi udongo ni kama ukurasa. Kwa kawaida kilicho chini ni cha zamani zaidi, kilicho juu ni cha karibuni. Kigae, mkaa, mfupa na shanga vikikaa pamoja husema neno moja. Vikitawanywa havisemi kitu. Laiti tungekumbuka jambo hili moja tu la leo, somo lingekuwa limefaa.

Sababu ya tatu ni kwamba magazeti haya hutuonyesha elimu ikijisahihisha mbele ya macho yetu. Katika gazeti lile la 1960, Louis Leakey aliandika kwamba mtu wa Zinji aliishi zaidi ya miaka 600,000 iliyopita. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipima majivu ya mlima wa moto yaliyokuwa pamoja na fuvu. Katika majivu hayo kuna kitu ambacho hubadilika polepole sana, kwa kadiri ile ile, miaka nenda miaka rudi. Ukipima kiasi kilichobadilika, waweza kujua muda uliopita. Wakaona si miaka 600,000, bali 1,750,000. Oktoba 1961 gazeti lile lile likatoa habari hiyo mpya.

Tena, mwanzoni Leakey alidhani mtu wa Zinji ndiye aliyechonga yale mawe, na kwamba yeye ni babu wa watu wa leo. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kiumbe mwingine wa Olduvai, wakamwita Homo habilis, maana yake mtu stadi, wakasema huyo ndiye aliyefaa zaidi kudhaniwa mchongaji. Siku hizi wataalamu huona kwamba mtu wa Zinji alikuwa wa tawi la kando la ukoo wetu, tawi lililokauka lisiache kizazi.

Je, Louis Leakey alikuwa mwongo? La, hasha. Alisema alivyoona kwa ushahidi aliokuwa nao, na ushahidi ulipoongezeka, maneno yakabadilika. Mtu mzima anayejifunza kusoma hana budi kulijua jambo hili, maana baadhi yetu hudhani kwamba neno likishapigwa chapa ni kweli daima. Sivyo. Neno lililopigwa chapa limeandikwa na mtu, na mtu anaweza kuulizwa.

JINSI YA KUSOMA BILA KUDANGANYIKA

Basi tumsomeje mwandishi wa mambo ya kale? Nawapa swali moja dogo, nalo ni hili: Wamejuaje? Kila mara gazeti linaposema jambo fulani lilikuwa, tafuta katika ukurasa huo mahali linapoeleza wamejuaje. Kama lipo, soma kwa makini. Kama halipo, weka alama ya kuuliza kwa kalamu yako.

Hebu tulijaribu swali hili. Twajua kwamba masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Kilwa si mbali na habari zetu, kwani misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa zamani ilipita katika nchi hii ya kusini. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yake. Mchangani akaokota sarafu tisa. Akaziweka. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu, nao wakamwambia kwamba nne ni za Kiholanzi, na tano ni za Kilwa.

Sarafu za Kilwa huko Australia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi! Mwandishi mwenye haraka huandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: Watu wa Kilwa waligundua Australia. Msomaji anafurahi, kwa kuwa ni sifa kwetu. Lakini uliza: Wamejuaje? Sarafu hupita mkono kwa mkono. Mfanyabiashara humpa mwenzake, mwenzake humpa baharia, baharia huiweka mfukoni. Tena zile za Kiholanzi ni za miaka ya baadaye sana kuliko za Kilwa. Kama zote zilidondoka pamoja, basi zilidondoka wakati wa sarafu iliyo mpya, si wakati wa iliyo ya kale. Askari aliziokota peke yake, hakuna aliyechora zilikaaje mchangani. Mnaona? Ni yale yale ya herufi na kikapu. Mwandishi mwema huishia kusema: sarafu za Kilwa zilifika, aliyezifikisha hajulikani. Habari hiyo haipungui utamu. Mimi naona yaongezeka, kwa sababu inakuachia kitu cha kufikiri unapokwenda shambani.

Liko swali la pili la kuuliza, nalo ni: Nani aliyeshika sururu? Katika picha nyingi za zamani utamwona bwana mmoja amevaa kofia, jina lake limeandikwa chini. Nyuma yake wamesimama watu kumi, nao hawana majina. Mara nyingi watu hao ndio waliokuwa na macho makali. Kamoya Kimeu alikuwa Mkenya aliyeanza kazi kwa akina Leakey mwaka 1960 kama mchimbaji wa kawaida. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, katika nchi yetu, yeye ndiye aliyeliona taya la chini la kiumbe wa jamaa moja na mtu wa Zinji. Aliendelea hata akawa mtafutaji wa mifupa ya kale aliyejulikana duniani. Mwaka 1985 chama cha National Geographic kilimtunukia nishani yake, akaipokea Marekani kwa mkono wa Rais Reagan. Alifariki mwaka 2022. Alikuwa na elimu ndogo ya shule, lakini aliisoma ardhi kuliko wengi wenye shahada.

HAPA PETU SONGEA

Sasa turudi nyumbani. Mtu anaweza kusema, "Hayo ni ya Olduvai na Kilwa. Songea kuna nini?" Nitajibu kwa mambo matatu.

La kwanza. Katika bonde la Mto Ruhuhu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Rex Parrington alikusanya mifupa ya wanyama wa kale katika miaka ya 1930. Mifupa hiyo ilipelekwa Uingereza. Baadhi yake ilikaa miaka kama themanini kabla ya kuelezwa sawasawa. Mwaka 2012 tu ndipo wataalamu walipotangaza kwamba mmoja wa wanyama wale, aliyeishi miaka ipatayo milioni 240 iliyopita, huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, au ni jamaa wa karibu wa dinosaria. Walimwita Nyasasaurus, kwa jina la ziwa letu. Elimu ya mifupa ya wanyama kama hao si akiolojia, maana akiolojia ni ya mambo ya watu. Lakini funzo ni moja. Kitu kinaweza kukaa sandukuni miaka mingi kikimngoja msomaji.

La pili ni la uchungu. Sote twajua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi wa Kingoni hapa Songea, na katika siku hizo hizo Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, naye alinyongwa. Makumbusho ya Maji Maji hapa mjini yamejengwa mahali pa kumbukumbu hiyo, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika hapo. Wazee wa ukoo wa Mbano wamesimulia kwamba kichwa cha Nduna kilikatwa kikachukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu na vitukuu wa mashujaa, akaomba msamaha, na kuahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta.

Angalieni jambo hili. Katika makumbusho za Ulaya yamo mafuvu mengi yaliyochukuliwa Afrika. Kumtambua mmoja katikati ya wengi ni kazi ngumu, kwa sababu mafuvu mengi yametengwa na mahali pake na jina lake. Ni herufi katika kikapu. Lakini hapa tuna kitu ambacho sanduku la Ulaya halina, nacho ni masimulizi ya wazee wetu: nani alinyongwa, alikuwa mtoto wa nani, alizikwa wapi. Masimulizi hayo ni ushahidi. Yasipoandikwa, msimulizi akiondoka huondoka nayo.

La tatu ni onyo. Wapo watu wanaokwenda usiku kwa sururu na tochi kuchimbua magofu, makaburi na boma za zamani, wakitafuta mali inayosemekana iliachwa na Wajerumani. Wenzetu wengine wameuza mbuzi na mahindi kuwalipa waganga na matapeli wanaodai kujua alama za mali hiyo. Waulize watu hao lile swali letu: Mmejuaje? Utaona hawana jibu. Wanachoacha nyuma ni mashimo, na kila shimo ni ukurasa uliochanwa. Tena ni kosa. Tangu mwaka 1964 tunayo Sheria ya Mambo ya Kale, nayo hairuhusu mtu kujichimbulia mahali pa kale bila kibali.

Ukiona kigae chenye nakshi, mavi ya chuma ya tanuru la zamani, au jiwe lililochongwa, kiache palipo. Andika katika daftari lako: nimeona nini, wapi, siku gani, na nilikuwa nikifanya nini. Kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji, au upeleke habari kwenye makumbusho. Hata wenye elimu hufanya hivyo. Zile nyayo za Laetoli, baada ya kupimwa na kupigwa picha, zilifukiwa tena kwa udongo ili zisiharibike. Baadaye mizizi ya miti ikaanza kuzitishia, na katika miaka ya 1990 wataalamu, wakiwemo wa Idara yetu ya Mambo ya Kale, waliondoa miti, wakazitengeneza, wakazifukia upya. Wamezifunika ili wajukuu wetu nao wazikute.

Wasikilizaji, nilisema nitarudia jambo la Mambo Leo. Wale wasomaji wa zamani hawakusoma tu, waliandika pia. Magazeti ya mambo ya kale yanapendeza kwa kuwa kila ukurasa wake huonyesha mtu aliyeona kitu, akauliza, akaandika. Nanyi sasa mna kalamu. Mzee aliyekaa nyuma katika darasa lenu anajua jina la kilima ambalo halimo katika ramani. Bibi yule anajua chungu cha aina gani kilifinyangwa na mama yake, na udongo wake ulitolewa bonde gani. Habari hizo hazimo katika gazeti lo lote la Marekani wala la Uingereza. Zitakuwamo siku tutakapoziandika.

KAZI YA DARASA

Andikeni maneno haya kila moja mara tatu, kisha kila moja litungieni sentensi: akiolojia, kigae, fuvu, masizi, ushahidi, makumbusho.

Zungumzeni maswali haya pamoja na mwalimu wenu:

1. Kwa nini kigae kilichoachwa mahali pake kina habari kuliko kigae kilichotiwa mfukoni?

2. Louis Leakey alibadili maneno yake juu ya umri wa fuvu. Je, hilo linakufanya umwamini zaidi au umwamini kidogo? Toa sababu.

3. Tafuteni habari moja ya mambo ya kale katika gazeti au kitabu cho chote. Mmoja aisome kwa sauti. Wengine waulize: Wamejuaje? Na nani aliyeshika sururu?

4. Kazi ya nyumbani. Mwendee mzee mmoja wa kijijini kwako. Mwulize asili ya jina la mahali mnapoishi. Andika jibu lake kwa mistari mitano. Usisahau kuandika jina lake, kama ameridhia, na tarehe uliyozungumza naye.

Wiki ijayo, saa hii hii, nataraji kila daftari litakuwa na mistari hiyo mitano.